Siku Sita za Kuielekea Atlantiki

Siku ya tatu ya matanga ya Khalati Zuwena, nyumbani kwake Al Amerat, nje ya Maskati, nilikaa kwenye majlisi ya wanaume nimeegemea ukuta wa karibu na mlango wa jikoni, mahali ambapo mtu husikia mazungumzo ya pande zote mbili. Wanaume walikuwa wakizungumzia foleni ya magari ya asubuhi. Wanawake, nyuma ya pazia, walikuwa wakimzungumzia yeye. Mmoja, nadhani ni binamu yangu Asya, alisema kwamba marehemu hakuwa akichoka kuhadithia ile safari aliyoifanya alipotoka eda, jinsi mtoto wa dada yake alivyomtembeza kwa gari la kukodi katika majangwa ya kusini mwa Afrika, na kwamba kila akifika mwisho wa hadithi alikuwa akisema hajapata kusali maishani mwake kama alivyosali kule. Wakaniombea dua wote kwa pamoja. Niliinuka nikatoka nje, nikatembea mpaka kwenye gari langu, nikarudi, nikavua viatu, nikavivaa tena, nikatoka. Miaka yote ile hakumwambia mtu. Watu wawili tu ndio tuliojua nini kilitokea katika sala zile, na sasa nimebaki peke yangu na siwezi kutulia nalo.

Mwaka ule, wa tisini na saba, nilikuwa na umri wa miaka ishirini na nne na nilikuwa karani wa ghala la vipuri. Karibu kila nilichokijua nilikuwa nimejifundisha mwenyewe: Kiingereza kwenye vitabu vya kutengenezea magari, kusoma ramani kwenye kijitabu nilichokiokota ofisini, kupiga taipu kwa vidole vinne. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa wake. Hajui alichokiruka. Aliyekaa darasani anajua kwamba mwalimu amekimaliza kitabu. Mimi nilikuwa nikizindukana usingizini nina hakika kwamba kuna ukurasa mmoja sikuusoma, na kwamba ukurasa huohuo ndio utakaoniaibisha mbele za watu. Kwa hiyo nilikuwa mtu wa kuhakikisha. Nilifunga mtungi wa gesi, nikarudi kuutazama, nikatoka, nikarudi. Nyumbani kwetu Sib walikwisha nizoea. Mama akinikuta nimesimama jikoni mbele ya mtungi alikuwa akinisogezea kiti.

Mumewe Khalati, Ami Hilali, alikuwa na gereji Wadi Kabir, na alifariki mwanzoni mwa mwaka ule, akiwa chini ya gari la mtu, moyo tu. Kwenye ukuta wa gereji palikuwa na kalenda ya watengenezaji wa matairi, na picha ya mwezi wa Agosti ilikuwa jangwa lililofunikwa maua ya rangi ya chungwa mpaka upeo wa macho. Ami alikuwa akimwambia kila mteja kwamba iko siku atampeleka mkewe pale. Khalati aliitaka kalenda ile iletwe, akaitundika kwenye chumba alichokalia eda, akaitazama miezi minne na siku kumi. Alipotoka alisema anataka kwenda kuyaona yale maua, na anataka kwenda kwa gari, asishushwe na ndege mbele yake kama mzigo. Kaka zake walikasirika, kisha wakacheka, kisha wakaona hawezi kuzuilika, wakatafuta maharimu, ndugu asiyeweza kumwoa, wa kumsindikiza. Nilimsikia mmoja wao sebuleni akisema: "Mpeni Sele. Hana mke, hana mtoto, na likizo zake hajui azipeleke wapi." Ndivyo nilivyochaguliwa, na nilijivuna nalo kama mtu aliyepewa uwaziri.

Nilinunua daftari kubwa. Kwa miezi miwili niliandika humo kila kituo cha petroli kati ya Windhoek, Namibia, ambako ndege ingetushusha, na Springbok, Afrika Kusini, kwenye maua yenyewe, na umbali baina yao. Upepo wa matairi kwenye lami, kwenye kokoto na kwenye mchanga. Lita za maji kwa kila mtu kwa siku. Nyakati za jua kuchomoza na kuchwa. Kwa kuwa kule magari hupita kushoto na sisi hupita kulia, nilichora mizunguko ya barabara na mishale yake nikaifanyia mazoezi kitandani kwa mikono mitupu. Kibla sikukiandika. Haikunipitia akilini, kama isivyompitia mtu akilini kuandika kwamba achukue miguu. Sisi tuliozaliwa Maskati tunakua tukijua kwamba kibla na machweo ni mahali pamoja. Makka iko magharibi yetu. Tangu utotoni mtu akiniambia geukia kibla, shingo yangu ilikwenda jua linakozama kabla sijafikiri, na ilikuwa haijapata kukosea.

Windhoek tulikabidhiwa pikapu nyeupe ya milango minne yenye matairi mawili ya akiba. Niliizunguka mara nne. Khalati, ambaye alikuwa na miaka hamsini na tatu na mwili wa mtu asiyependa kuharakishwa, alikaa ndani na mkoba wake mapajani akaniangalia kupitia kioo. Nilipoingia aliniambia: "Wewe mtoto ukifa, utatoka kaburini uhesabu waliokuja kukuzika." Katika mizigo yake alikuwa ameficha kilo mbili za papa mkavu wa soko la Sib, amemfunga kwenye mifuko mitatu ya nailoni, kwa sababu hakuamini kwamba Afrika ya upande ule wana chakula. Ilipofika saa sita tulikuwa tumefungua vioo vyote na bado macho yalituwasha. Kila njia panda alikuwa akiniambia kwa upole, "Kushoto, baba, kushoto," na mara mbili aliniokoa kweli. Mchana tulisimama kando ya barabara ya kokoto, hakuna mtu, hakuna mti wa maana, milima ya mbali ya rangi ya zambarau. Tulikusanya Adhuhuri na Alasiri kama wasafiri. Nilitandika msala wangu mbele na wake nyuma, nikatazama upande jua litakakokwenda kuchwa, nikapiga takbira. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsalisha mtu.

Nataka niseme nilivyofurahi, kwa sababu bila hilo lililofuata halieleweki. Nilikuwa kijana ambaye watu wa nyumbani wakimpenda humpenda kwa kumhurumia. Pale jangwani palikuwa na mtu mzima, mjane, mtu wa heshima yake, amesimama nyuma yangu akisubiri niiname ndipo ainame. Jambo hilo lilinitia wazimu kidogo. Nilianza kuirefusha sijida. Nilianza kuutengeneza usomaji wangu, usiku najizoeza chumbani kwa sauti ndogo, nikirudia aya ileile mpaka koo linakauka, na kabla hakujapambazuka nimekwisha shuka kupima upepo wa matairi niliyoyapima jioni.

Siku ya nne tulilala Sesriem, penye michanga myekundu, kwenye nyumba ya wageni yenye vyumba vinne na meza moja ndefu. Mama wa nyumba alitupa mayai na viazi, akanusa hewa, akafungua dirisha. Khalati alimega mkate, akaanza kuzungumza bila kunitazama. Alisema wiki aliyofariki Ami Hilali walikuwa hawasemezani. Sababu ilikuwa ya kipuuzi, kapeti. Yeye alitaka libadilishwe, mumewe akasema gereji kwanza. Siku tano wakapitana ndani ya nyumba kama wapangaji. Alimwekea chakula mezani akaondoka. Asubuhi ile Ami alisimama mlangoni kama anayetaka kusema neno, naye akaenda kufungua bomba la maji ili asimsikie. "Amekufa sijapata radhi yake," alisema. "Eda nzima sikulala. Nnalala saa moja, nnaamka, nnalisikia lile bomba." Kisha akasema, na uso wake ulikuwa umelegea kama wa msichana: "Lakini tangu tuanze kusali huku, Sele, nnalala. Kila nikisujudu nyuma yako nnamwomba Mungu amfikishie, na nnahisi amefikishiwa. Siku nne hizi nimelala kama mtoto. Sijui jangwa, sijui sauti yako." Nilikwenda chumbani kwangu nikaandika katika daftari: Khalati analala. Nikapiga mstari chini yake.

Siku ya sita tulifika Luderitz, mji wa pwani wenye nyumba za rangirangi na upepo unaomsukuma mtu kama mkono. Njia ya kuingia inapita katika mchanga unaovuka lami kama moshi. Adhuhuri ilitukuta nje ya mji kwenye rasi ya mawe, chini ya mnara wa taa, bahari imetuzunguka, na sili wakibweka kwenye mwamba wa mbele. Khalati alifurahi. Alisema wanabweka kama kaka zake wakigombania mirathi. Nilitandika misala, nikaibana pembe zake kwa mawe, nikatazama upande wa machweo kama siku zote, na safari hii upande wa machweo ulikuwa maji matupu. Katika rakaa ya pili, nikiwa nimesimama, nikisoma kimoyomoyo, kichwa changu kilitembea chenyewe kama kilivyozoea kutembea, kikauliza ng'ambo ya bahari hii kuna nini. Kikajibu: Amerika.

Sijui jinsi ya kueleza baridi iliyoniingia. Nilikuwa nimeiona ramani ya Afrika kila siku kwa miezi miwili. Nilijua tuko wapi, nilijua Makka iko wapi, na vitu viwili hivyo vilikuwa vimekaa katika kichwa kimoja siku sita bila kukutana. Nilitoa salamu. Jambo la kufanya lilikuwa moja, hata mtoto wa chuoni analijua: geuka, mwambie aliye nyuma yako, anza upya. Nilisikia Khalati akivuta pumzi ya mtu aliyeshiba. Nikainuka kwa ajili ya Alasiri, nikasimama palepale, nikayaelekea maji yaleyale hali ninajua, nikapiga takbira. Zile siku sita za mwanzo nilikosea. Alasiri ile sikukosea. Nimefanya mengine mabaya katika maisha yangu, lakini sina jingine nililolifanya kwa macho makavu namna ile, nikiwa nimefunga mikono mbele ya Mola wangu na mtu anayeniamini akinifuata.

Jioni nilijifungia chumbani nikatandaza ramani juu ya kitanda, nikaweka rula kutoka Luderitz mpaka Makka. Ilikwenda kaskazini, ikipinda kidogo mashariki. Niliipima mara saba. Nilijua pia hukumu, nayo ndiyo iliyoninyonga: msafiri akijitahidi kukitafuta kibla kisha akakosea, sala yake inasihi, asiyejitahidi hana udhuru. Mimi niliyepima kila kitu sikupima hilo. Usiku ule niliitandika misala kuelekea pembe ya kabati. Khalati akasimama na buibui lake, akatazama dirisha la upande wa machweo, akatazama kabati.

"Leo tumegeuka," alisema.

Nilimjibu kwamba tumeshuka sana kusini na njia imezunguka, kwa hiyo na upande nao umebadilika kidogo. Maneno yalitoka yamenyooka, kama ya mtaalamu.

"Haya," alisema. "Wewe ndiye mwenye ramani."

Siku mbili zilizofuata niliendesha vibaya. Nilianza kulipa sala zangu kwa siri: nyuma ya kituo cha petroli, nyuma ya choo cha mpakani tulipovuka mto kuingia Afrika Kusini, nyuma ya mawe, natoka mbio narudi mbio. Khalati alihesabu mara ngapi nimeomba kusimama, akafikia uamuzi wake. Alitoa kwenye mkoba kikopo cha unga wa maganda ya komamanga, dawa ya tumbo la kuendesha, akanikorogea vijiko viwili akanisimamia mpaka nikamaliza. Sikuweza kukataa bila kusema ukweli. Nilimeza, na jioni nikamezeshwa tena, na siku tatu sikupata choo. Alikuwa akiniuliza kila saa kama tumbo limetulia, nami nikisema limetulia, na kwa upande huo tu nilikuwa msema kweli. Kilichonitesa hasa ni kwamba aliendelea kulala. Asubuhi alitoka chumbani na mkunjo wa mto shavuni, anadai chai. Nilijiambia kwamba nikisema nitampokonya usingizi ule, nitamrudisha kwenye lile bomba. Halafu nilijiambia kwamba nikinyamaza nimemwachia amani iliyojengwa juu ya uzembe wangu, naye anadaiwa sala za siku sita asizozijua. Nilikwenda huku na huku kati ya mawazo hayo kwa kilomita mia tano, mikono imekamata usukani mpaka vidole vikafa ganzi.

Springbok ilitupokea na mawingu. Maua yale, mwenye nyumba ya wageni alituambia, hayafunguki bila jua. Tuliona mabonde yote yamejaa vikonyo vilivyofumba, kama uwanja wa watu waliojifunika gubigubi. Khalati aliyatazama kidogo akasema basi tutangoja, hatuna mbio. Mimi nilikuwa na mbio. Mchana tulikaa kwenye chumba cha kulia, peke yetu, supu ya mboga, mkate mweusi, yai moja moja. Alikuwa akinihadithia jinsi Ami Hilali alivyokuwa akiikunja kanzu kabla ya kuingia chini ya gari, na alikuwa anacheka. Nilimkatiza katikati ya kicheko. Nilimwambia yote: machweo, mnara wa taa, Amerika, ile Alasiri, kabati, komamanga. Nilisema haraka na kwa mpangilio, maana nilikuwa nimeyaandika katika daftari usiku, kwa namba.

Alisogeza ganda la yai ukingoni mwa sahani, kipande kwa kipande. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua:

"Hili umenambia kwa ajili yangu, au kwa ajili yako?"

Nilikuwa na jibu tayari, namba kumi na moja katika daftari, linalohusu haki yake ya kujua. Nilimwambia sijui.

"Ukijua nambie," alisema, akachukua kikombe chake akaondoka.

Vyumba vyetu viligawanywa na ukuta wa mbao. Nilisikia kitanda kikiburutwa. Nilisikia maji, kisha kimya, kisha takbira, kisha uzito wa mwili wake ukishuka na kuinuka. Alikuwa anazilipa. Nilihesabu, kwa sababu sijui kukaa karibu na kitu bila kukihesabu, na nilipofika katikati nilijiona ninachofanya, nikaona haya, nikaacha. Ilikwenda mpaka giza likaingia. Mwisho kulikuwa na sauti ambayo sikuweza kujua kama ni kilio au kicheko, na haikurudi. Hakutoka kula. Nilisimama mara tatu mbele ya mlango wake na sahani ya mkate, na mara zote tatu nikarudi nayo.

Miaka mingi nimelifikiria swali lake na nimelijibu kila namna. Nilioa, nikapata watoto, nikaacha kurudi kutazama mtungi wa gesi zaidi ya mara moja. Nikiwa mkweli, nadhani nilimwambia kwa sababu nisingeweza kuvumilia kuwa na doa ambalo hakuna aliyeliona. Nililitupa doa langu mapajani mwake nikaliita uaminifu. Lakini pia zilikuwa sala zake, na mumewe, na hakuna aliyenipa mamlaka ya kumchagulia usingizi. Majibu yote mawili ni kweli na hayajapata kukaa pamoja. Nilimpa la kwanza mara moja, miaka baadaye, nikimpeleka kwa daktari wa macho. Alisema, "Nilijua," akaniambia nipunguze mwendo.

Asubuhi iliyofuata Springbok ilikuwa na jua kali. Nilimkuta mezani amekwisha kunywa chai. Nilimuuliza amelalaje. "Vibaya," alisema. "Na wewe?" Nilimwambia sikulala. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeletewa hesabu iliyo sawa, akaniambia nilete gari. Tuliendesha kuelekea kusini, na mabonde yalikuwa yamefunguka. Sina maneno mapya ya rangi ile. Ilikuwa imemwagika pande zote mbili za barabara, juu ya vilima, katikati ya mawe, na kila ua lilikuwa limelikabili jua, na kwa kuwa kule jua la mchana hukaa kaskazini, yote yalikuwa yametutazama sisi tukija. Khalati aliniambia nisimamishe. Alishuka akaingia katikati yake akiwa amelishika buibui juu ya vifundo vya miguu, akasimama kwa muda mrefu huku mgongo wake umenielekea. Sikumfuata. Sikushuka kutazama matairi.

Adhuhuri ilipoingia alirudi garini, akachukua msala wake mwenyewe. Nilidhani kila mtu atasali yake, na nilikuwa nimekwisha kubali. Nilijisogeza pembeni nimpishe. Alisimama mbele yangu, msala begani.

"Wapi?" aliuliza.

Hakuuliza kwa ukali wala kwa upole. Nilinyoosha mkono. Alikifuata kidole changu kwa macho, akatazama jua, akatazama njia tuliyotoka, akarudi kwenye kidole. Kwa upande ule maua yote yalikuwa yametupa mgongo, safu kwa safu mpaka kileleni. Akatandika msala wake hatua moja nyuma ya mahali nilipokuwa nimesimama. Aliniuliza hivyo kabla ya kila sala iliyobaki ya safari, na baadaye kila niliposali naye hapa, hata sebuleni kwake Al Amerat alikosali miaka mingi, na watu wakadhani ni adabu ya kizamani. Nilikuwa nikinyoosha kidole kila mara. Lakini siku ile ya kwanza nilibaki nimempa mgongo, nimeyakabili maua, mikono masikioni, siwezi kuanza, mpaka niliposikia nyuma yangu miguu yake ikijipanga.